Kadi ya Koti la Mbarak

Burumba,
S.L.P. 63,
Busia.

9 Septemba, 1979.

Mpendwa shemeji Ziada,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote, ujue barua hii inatoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Port Victoria mpaka Malaba. Nimekanyaga Kampala, Kigali na Bujumbura. Nimepinduka na lori mara mbili, na mara zote mbili nilitoka nikitafuta kofia yangu tu. Hata homa yangu ina akili: imenilaza siku moja katika maisha yangu yote, nayo ikachagua siku ile ya safari ya Iganga. Hadithi hiyo umeisikia mpaka umeichoka, najua. Lakini ni mkono wa Mungu, shemeji. Wengine wanavaa hirizi, mimi nina homa.

Haya, u hali gani wewe? Kaka yako Abdallah hajambo, na ule mguu wake umepoa? Nusura anaendeleaje na shule? Mwambie kwamba mimi baba yake mdogo niliishia darasa la nne na bado naandika barua ndefu kuliko karani wa korti. Sisi huku ni wazima. Kadija ananenepa na kunigombeza kwa kipimo kilekile. Mvua imeanza mapema, njia ya kuja kwangu imekuwa uji.

Habari kubwa ya huku ni watu kurudi kwao. Tangu serikali ile ya Kampala ianguke mwezi wa nne, wanapita mbele ya mlango wangu na magodoro kichwani, wakielekea kulekule walikokimbia. Wengine wanasimama kuuliza vitu walivyotuachia. Wengine hawajapita mpaka leo.

Kule Malaba kuna mama mmoja Mteso anaitwa Akiror. Boma lake liko karibu na mto, na miaka ile yote waliovuka usiku walifikia kwake. Watu walikuwa wamefunga nyumba zao, wakavuka na ufunguo mfukoni, halafu kabla ya kuendelea na safari ya Kisumu au Nairobi wakampa yeye. Walimwambia, mama, wewe uko hapa mpakani, utaona kwanza njia ikifunguka, tutunzie. Tunarudi Jumapili. Alikuwa na funguo thelathini na moja kwenye waya mmoja. Tangu mwezi wa nne, tisa zimechukuliwa na wenyewe. Ishirini na mbili bado zinaning'inia. Mimi mtu wa haraka niliposhika waya ule nilizihesabu zote mara mbili, na Kadija ni shahidi kwamba hilo si jambo la kila siku.

Basi Mwalimu Ignatius, yule mzee aliyestaafu ualimu, amepata wazo. Anataka tufanye nyumba ya kumbukumbu, makumbusho ya haki za binadamu. Usicheke. Nilicheka mimi kwanza nikakoma. Mfanyabiashara mmoja ametuazima ghala lake la zamani la pamba, bati lake linavuja pembe moja tu. Tumo watatu: Mwalimu ndiye kichwa, Akiror ndiye moyo, na mimi, unanijua, ndimi mdomo na usafiri. Tunataka kufungua tarehe kumi mwezi wa kumi na mbili, maana Mwalimu anasema siku hiyo dunia nzima inakumbuka haki za watu.

Vitu vinaletwa. Kuna kichwa cha cherehani bila meza yake. Kuna tiketi za kodi za watu wa Tororo. Kuna kiatu kimoja cha harusi, cheupe, na mwenye kukileta hataki kusema kingine kiko wapi. Mwalimu mwenyewe ameleta kipande cha marehemu baba yake, kile kitambulisho cha lazima cha wakati wa Mzungu, na kopo lake la kuning'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi. Nikamwambia, Mwalimu, hayo yalikuwa ya huku, sisi tunasema ya kule. Akanijibu kwamba nyumba inayoonyesha makosa ya jirani peke yake ni nyumba ya umbea. Akiror naye akadakia palepale: "Basi muandike na saa ya yule daktari mkimbizi aliyelala kwangu. Alivuka nayo mkononi, ikavuliwa upande huu huu wetu." Nilitaka kubisha. Mwalimu akawa ameshaiandika.

Sasa nisikilize vizuri, shemeji, maana hapa ndipo unapoingia wewe.

Mwalimu ameweka sheria moja. Kila kitu kiwe na kadi yake: ni cha nani, kimeletwa na nani, na aliyekileta aliona nini kwa macho yake mawili. Ya kusikia hayaandikwi. Kadi inasomwa mbele yetu sote, halafu mwenyewe anatia sahihi au dole gumba. Anasema kadi moja ikiwa ya uongo, waliotenda maovu watasimama hapo mlangoni waseme zote ni uongo, na watakuwa wamepona.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikaa ghalani kuandika. Nikajitosa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu: KOTI LA MAREHEMU MBARAK, DEREVA HODARI WA BUSIA. Najua koti lenyewe uliondoka nalo, liko kwako huko Mombasa. Lakini mimi nilikuwa na haraka, kadi ikatangulia koti. Kadija alikuwa ametuletea chai, akainama akasoma.

"Marehemu?" akasema. "Umemzika wapi?"

"Aa, mama, hiyo ni lugha ya heshima tu."

"Heshima gani hiyo? Ziada hajakaa eda hata siku moja. Shehe amemwambia angoje. Leo wewe umekaa juu ya gunia la pamba, umemfisha mumewe, umemfanya mjane, na hata sukari ya matanga hujanunua!"

Akiror alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akarudi kufunga vikaratasi kwenye funguo zake.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza kama anavyomwuliza kila mtu: "Usman, ni nani aliyemwona amekufa?"

Hakuna, shemeji. Mukhwana, tanboi wetu wa kupakia na kupakua lorini, mtu mzima kuliko sisi sote, aliona askari wakimteremsha Mbarak kwenye kizuizi, mbele ya Bugiri. Alimshika koti ili asivutwe, koti likachanika begani, likabaki mkononi mwake. Wakamwambia akimbie, akakimbia. Alifika Busia siku ya tatu kwa miguu, kwa njia za porini, na koti akiwa amelifunga kiunoni. Alichokiona kinaishia hapo. Yaliyobaki tumeyajaza sisi, kila mtu kwa woga wake.

"Basi andika alichukuliwa," akasema Mwalimu. "Tunalolijua ni hilo."

Nikakata neno marehemu, nikaandika alichukuliwa. Naomba unisamehe lile neno la kwanza. Mimi nilidhani natoa heshima, kumbe nilikuwa nakuamulia maisha yako kwa kalamu. Wewe si mjane wala si mke wa mtu aliye nyumbani, miaka miwili na nusu sasa, na watu kama mimi tunapita tukikwambia pole bila kujua tunakupa pole ya nini. Mwalimu anasema haki ya kwanza ya mtu ni mwenzake kuruhusiwa kuuliza yuko wapi, na kujibiwa. Wale waliwachukua watu wakakataa kujibu. Ndiyo maana nataka koti lile liwe pale, karibu na funguo za Akiror. Sitaki watu walie. Nataka waulize.

Halafu Mwalimu akauliza mstari wa mwisho wa kadi, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Lori lilikuwa letu wawili, mimi na Mbarak, wiki yake na wiki yangu. Je, siku ile ilikuwaje akaendesha yeye?

Nilifungua mdomo. Hadithi ya homa ninaisimulia na sauti zake zote, hotelini watu huniagizia chai niirudie. Safari hii nikasema wino umekwisha. Wino ulikuwepo, Akiror aliuona. Kadi yangu sasa imebaki mezani, mstari mmoja mtupu, haina sahihi. Siku nane nimekesha nikiifikiria, mimi ambaye nikigusa mto nimekoroma.

Ninachokuomba ni hiki. Kama moyo wako unakubali, litume koti kwa basi, lifunge kwenye gazeti, na tafadhali usilifue. Lisipokuja, hakuna atakayekulaumu, na mahali pake tutapaacha wazi. Lakini usiamue kabla ya kufika mwisho wa karatasi hii.

Msalimie sana Abdallah. Nusura mbusu kwenye kipaji cha uso, umwambie asome mpaka anipite, si mbali. Kadija anakusalimu, anasema chumba chako bado kina kitanda na hakuna aliyekilalia. Mukhwana anakusalimu, sasa ana mbuzi wanne na anajiona tajiri. Akiror hakujui kwa sura, lakini ameniambia nikuandikie jina lake, ujue kuna mwanamke Malaba anayengoja pamoja nawe.

Mungu akufungulie lililofungwa. Akupe jibu, na kama jibu limechelewa, akupe watu wema wa kukaa nao.

Sasa ule mstari mtupu. Nimeona uusome wewe kwanza, kabla ya Mwalimu.

Zamu ilikuwa yangu. Jioni kabla ya safari, mchuuzi mmoja wa Iganga aliniambia madereva kutoka Kenya wanashushwa kwenye kizuizi kile na hawarudi. Nikanywa maji ya moto, nikajifunika mablanketi mawili, nikatetemeka. Alfajiri Mbarak akaja, akanigusa kipaji, akasema pole, akachukua ufunguo wa lori. Niliyoambiwa sikumwambia. Kadi nitaiandika hivyo na kuitia sahihi, koti lije lisije.

Sikuwa na homa, Ziada.

Ndimi akupendaye, kama bado utanikubali,
Usman