Bosi Kafukua Utani wa Golikipa

Shoga uko wapi. Leo Bosi kajiumbua mchana kweupe.

Kafukua utani wa zamani aliouandika mtandaoni yule golikipa chipukizi, akiwacheka wanawake wanene. Anataka utani huo utoke gazetini kwetu kesho, ukurasa wa mbele.

Mwandishi wa michezo akamwambia, "Alikuwa na miaka kumi na tano. Tumpigie kwanza tumsikie."

Bosi akamkata. "Kwani alishikwa mkono kuandika?"

Akauweka ule utani kwenye skrini ya chumba cha mkutano, sote tuone. Akashuka hadi kwenye maoni.

La kwanza: "Umeua, mdogo wangu." Pembeni picha ya Bosi. Bosi, shoga. Huyuhuyu wetu.

Mwandishi akauliza kwa upole, "Na hili tuliweke?"

Bosi akazima skrini. "Achaneni nayo, mambo ya utotoni hayo."

Utotoni. Na kwenye picha ana kipara tayari.