Kilichokuwa Kikilia Ndani ya Gari Lako

Baba,

Jana nilikuja kukusalimia kaburini, nikasoma nilichoweza kusoma, lakini nyuma yangu walisimama watu na sikuthubutu kukueleza habari za gari. Mtu hasimami makaburini akazungumza mambo ya springi na breki. Kwa hiyo nimekaa barazani na karatasi yangu, nikueleze hapa kwa kituo.

Mama hajambo. Yumo edani, mwezi wa pili huu. Hatoki, hajipaki kitu, na chakula anakigusagusa tu. Watoto wangu wazima. Mikarafuu ya Ole imezaa sana, na kila siku gari linatakiwa kupeleka magunia Mkoani, nami ndiye dereva kama ulivyoniacha. Lakini kidogo, Baba, kidogo tu gari lako litutoke, na sababu ilikuwa kelele.

Ilianza siku moja baada ya hitima yako. Nilikuwa narudi kutoka Mkoani na abiria wanne. Nikapinda kuingia njia ya kwetu, gari likatoa sauti nzito kutoka tumboni: nguu, nguu. Liliponyooka likanyamaza. Abiria wakatazamana, na bibi mmoja wa nyuma akasema polepole, "Lamlilia mwenyewe." Kabla ya Ijumaa maneno hayo yalikwisha kufika Makangale, maana maneno ya Pemba hayangoji gari. Tena yaliongezwa ushahidi: tukienda Mkoani halikuwa likilia sana, tukirudi ndipo lilipolia, kwa sababu linajua kwamba liendako hupo. Mimi mwenyewe, nisikufiche, nilianza kuamini.

Ami Kombo hakuweza kuvumilia. Nduguyo unamjua, mkali mbele za watu na laini ndani. Alikuja akakaa nje, akaniambia bila ya kunitazama: "Hamadi, liuzwe. Mie siwezi kila jioni n'kasikia chuma chamlilia ndugu yangu, na mie n'mekaa tu." Mnunuzi wa Chake Chake alikwisha kumpata. Akanipa mpaka Ijumaa iliyofuata niinyamazishe sauti ile, la sivyo gari linaondoka. Ami ndiye mkubwa wetu sasa na neno lake halirudishwi. Nami kanzu zako zimeshagaiwa, fimbo yako ameichukua shangazi. Gari ndimo ulimonifunza kazi na ndimo tulimokuwa tukizungumza, sisi ambao nyumbani hatukuwa na mazungumzo mengi. Sikutaka liende.

Basi nikafanya lile ulilonikataza miaka yote: nilishika spana kabla ya kusikiliza. Nilifungua injini, nikatoa plagi, nikatoa kila kinachotoka, nikavilaza vyuma juu ya mkeka mzima wa Mama. Kila aliyepita nilimwambia ni rodi ya injini, kwa sauti ya mtu anayejua. Siku mbili. Nikafunga, nikawasha, nikalipinda kidogo uani. Nguu. Nilikaa mchangani na grisi mpaka viwikoni, nikalia. Hilo nakwambia wewe tu.

Mama alinisikia, akaniita ndani. Nilikuwa nimesahau kwamba kila jioni ukirudi, kabla hujavua viatu, ulikuwa ukiuliza mlangoni, "Bi Asha, leo umelisikiaje?" Naye jikoni akikujibu kwamba leo linakohoa, au mlango wa nyuma unachezacheza. Nilidhani ni mzaha wenu wa mke na mume. Kumbe ulikuwa unauliza kweli, na baada ya chai ulikuwa ukienda moja kwa moja pale alipokwambia. Safari hii aliniambia hivi: "Injini yajua kona? Likisimama languruma na halilii. Lalia likipinda tu. Basi mna kitu chaning'inia. Na chuma hakikai matanga, mwanangu. Nenda kakitafute."

Asubuhi nikaomba majirani watatu. Injini tuliizima kabisa, wao wakalisukuma uani, mimi nikawa nalipinda huku na huku. Likalia vilevile. Siku mbili zangu za spana zikawa zimekwenda bure. Nikamwachia jirani mmoja usukani, nikatembea kando ya gari nikiweka kiganja kila mahali kama ulivyokuwa ukifanya: mlango, mkinga matope, fremu. Nilipoubana ubao wa kiti cha mbele, sauti ikafifia. Nikawashukuru majirani, wakaenda zao, nami nikanyanyua kiti. Pale chini, ubavuni mwa tangi la petroli, kilikuwapo kikopo cha shaba kimefungwa kwa kamba ya usumba. Kamba imelegea, na gari likipinda kikopo kinakwenda kuligonga tangi. Tukienda Mkoani tangi limejaa na halivumi. Tukirudi limepungua, linavuma kama mtungi mtupu.

Ndani ya kikopo mlikuwa na hirizi. Na kikopo nilikijua, Baba. Ni kile alichokuwa akitilia tumbaku Ami Kombo. Siku ya maziko alikuwa akilizungukazunguka gari peke yake, nami nilidhani anatafuta kivuli. Kumbe alikuwa akilikinga na jicho la watu, sasa kwa kuwa mwenyewe hayupo. Kinga yake ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi.

Najua ungecheka mpaka ukohoe, halafu ungenuna, maana hirizi hukuzipenda. Niwie radhi. Nilimwuliza Mama nimwambie Ami au nisimwambie, akasema, "Ntu nzima haaibishwi kwa mapenzi yake." Nikakizungushia kitambaa, nikakikaza kwa waya, nikakirudisha palepale. Majirani niliwaambia kiti kilikuwa kimelegea.

Ijumaa baada ya sala Ami alikuja. Nikamwomba apande mbele. Akakaa juu ya kikopo chake, hana habari. Tukaenda mpaka barabara kuu, tukarudi, tangi halifiki nusu. Alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili, amejiandaa. Nikapinda kona ya kwetu. Kimya. Nikarudi nyuma, nikapinda tena. Kimya.

Akauachia mlango. "Basi ndugu yangu kafa," akasema.

Siku ya maziko hakutoa chozi, unajua. Alikuwa akiamrisha: sanda, mchele, nani achimbe, nani aende kuwaita watu wa Mkoani. Sasa alilia pale mbele ya nyumba yako, kilemba machoni, na mimi nikazima injini. Nililia na mimi, nikiwalilia wewe na yeye pamoja. Aliposhuka alisema tu kwamba atamwambia mnunuzi asije.

Nakuacha sasa, Baba, kesho nina magunia. Mola akupanulie kaburi lako na akutulize. Nami nakuahidi: Mama akitoka edani, safari ya kwanza ni yake. Nitampakia mbele, nimpeleke mpaka Mkoani na kumrudisha taratibu, alisikie na yeye kutoka ndani.

Mwanao,
Hamadi