Ruhusa ya Daktari wa Hemani

Addis Ababa, 20 Tir

Bibi yangu Asnakech,

Anayekuandikia ni mtu pekee katika Addis Ababa nzima anayeweza kujaza upepo tairi la lori kwa mdomo. Wenye pampu wananichukia, madereva wananiita Injinia, na juzi tairi la basi moja liliponiona nakuja lilijijaza lenyewe kwa heshima. Pokea salamu za mtu huyo. Mimi sijambo, kifua kizima, meno yote ninayo. Hofu ni kwako, na mgongo wako, na yule jogoo wako kichaa.

Sasa nisikilize. Ng'ambo ya barabara, mbele ya gereji yetu, wamesimamisha hema jeupe. Asubuhi ukungu ukiwa mzito huoni kamba wala nguzo, unaona kitu cheupe kinaelea tu, kama wingu lililoshuka kunywa chai. Wanapima wazee humo. Waamhara, Wagurage, Waoromo, Wadorze, na bibi mmoja wa Kisomali mwenye fimbo ya fedha, kila mtu na mapishi yake na ubishi wake. Wanawapima presha, sukari na mafuta ya damu, kisha wanawauliza mambo ya kichwa: leo siku gani, yarudie maneno matatu niliyokutajia. Daktari wao ni rafiki yangu sana, hafanyi jambo kabla hajaniangalia usoni. Anasema damu ikisukuma kwa nguvu mwaka hadi mwaka, vijishipa vya kwenye ubongo vinachoka, na mtu anaanza kupotewa: kwanza majina, baadaye njia ya nyumbani.

Nikakumbuka Krismasi. Uliniita Getahun, jina la marehemu mjomba, na mchuzi wa shiro ukaungua wewe umekaa hapo hapo unautazama. Siku ile nilicheka. Bibi, nenda kliniki na rafiki yako Mama Zinet wakakupime. Mimi nataka uendelee kunitukana kwa jina langu mwenyewe.

Mjukuu wako,
Wubshet

*

Debre Birhan, 6 Yekatit

Mjukuu wangu mwenye mdomo mpana kuliko gereji,

Barua yako kaileta Demissew, dereva wa lori la unga. Imefika imejaa unga na uongo. Mimi sijambo, mgongo uko pale pale ulipouacha, jogoo kamdonoa padre. Na usinirudie tena habari ya simu. Sauti inayokuja bila uso wala harufu, mimi naona ni ya marehemu.

Tulikwenda. Muuguzi ni kibinti kidogo, shingo ndefu. Kanifunga kitambaa mkononi, kikanikaba kama mkwe. Akatazama mashine, akanitazama mimi. "Mama, chumvi unatumia nyingi?" Nikamjibu, "Mwanangu, hata kahawa naitia." Akavuta kiti akakaa.

Basi nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Kahawa sasa nainywa bila chumvi. Ni kama kwenda msibani kwa mtu nisiyemjua. Lakini nimeanza kuota vizuri. Nimeota maji yanapita chini ya kitanda changu, taratibu, maangavu, na babu yako kakaa ukingoni anaosha miguu. Nikamwambia utapata baridi. Akasema, "Maji yamepoa, Asnakech, lakini hayana haraka."

Bibi yako

*

Addis Ababa, 17 Yekatit

Bibi yangu mtii kwa mara ya kwanza,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hata uzima wenyewe unanionea wivu. Umeona? Nilisema, ukaenda, ukaota maji. Nikianza kutibu rasmi hapa mjini, hospitali zitageuzwa maghala ya vitunguu.

Nilimwambia daktari wangu habari ya kahawa ya chumvi. Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Msalimie babu, ukikutana naye tena mtoni.

Mjukuu wako mtabibu

*

Debre Birhan, 25 Yekatit

Wubshet,

Hujambo, mtabibu wa mipira? Sisi hapa tunaye Mungu. Baridi inauma, lakini sufu nasokota vizuri, na uzi unatoka mwembamba kama zamani. Jana nimelikumbuka jina la punda tuliyekuwa naye wakati mama yako anaota meno. Aliitwa Dama. Nilikaa mlangoni nikawa nalitaja peke yangu, Dama, Dama, mpaka Mama Zinet akaja kuuliza nimepotelewa na nani.

Kibinti kanipima tena. Presha imeshuka, iko sawa. Ndiyo maana nakuandikia. Jumatatu Kwaresima inaanza. Tangu usichana wangu, siku za mfungo sijatia hata tone la maji mdomoni kabla ya saa tisa mchana, na dawa kaniandikia asubuhi. Padre anasema wagonjwa wameruhusiwa. Mimi mgonjwa? Walioruhusiwa nawaona, wanakaa nyuma karibu na mlango, wanakohoa. Nimemuuliza kibinti, anajua neno moja tu: "Meza, mama."

Muulize daktari wako wa hemani. Niiache mpaka Pasaka, au nifanyeje? Muulize hivyo hivyo nilivyoandika. Ukinijibu kwa kichwa chako sifuati. Wewe ningekuwa nakufuata ningeshakula tairi. Lakini akisema yeye, nitafuata.

Bibi yako

*

Addis Ababa, 30 Yekatit

Bibi yangu,

Ukipokea barua hii ukiwa mzima nami ni mzima, na Demissew nimemwambia asilaze injini mpaka akufikishie kabla ya Jumatatu.

Nimemuuliza. Nilimkuta anakunywa chai. Aliponiona aliinuka akanipa kiti. Nikamsomea swali lako neno kwa neno. Akafikiri, akavua miwani, akasema: "Mwambie Bibi, tairi likishajaa sawasawa unaondoa mpira wa pampu. Ukizidi kupampu linapasuka. Presha imekaa mahali pake, aipumzishe dawa mpaka Pasaka, afunge kwa amani." Hata mimi nilishangaa, daktari mzima anaongea kama fundi!

Basi funga, Bibi. Na usikae nyuma.

Mjukuu wako,
Wubshet

*

Debre Birhan, 21 Megabit

Mwanangu,

Salamu. Mimi niko, sijui nisemeje, niko kwa upole. Mfungo unaniendea vizuri mwaka huu. Mshukuru yule daktari. Nasimama mbele kabisa, naegemea fimbo yangu ya kusalia, na wale wa mlangoni wananitazama mgongo.

Jirani anapiga begena jioni, nyuzi zote kumi, inanguruma ndani ya ukuta kama nyuki waliolala. Nikiisikia nyumba inakuwa kubwa. Kuta zinasogea mbali, na mimi niko katikati nasokota, na uzi unatoka mrefu, unatoka mlangoni, unapita shambani kwa watu.

Juzi kijiti cha kusokotea kilianguka. Sikukiangusha mimi. Mkono ulikuwa umekishika, halafu haukuwa umekishika. Na nikitoka kanisani njia ilikuwa imehamishwa. Nilikaa juu ya jiwe nikaingoja irudi, ikarudi. Hata sikuogopa. Ukungu ulikuwa mzuri, mweupe kama lile hema lako.

Kichwa kinauma kidogo huku nyuma. Ni njaa tu.

Bibi yako

*

Addis Ababa, 26 Megabit

Bibi,

Salamu, salamu. Nenda kliniki leo. Ukishaisoma hii, iweke chini, uvae viatu uende. Mwambie Mama Zinet akushike mkono.

Na dawa, kama bado ipo koponi, meza. Daktari amebadilisha mawazo. Wanabadilisha, hawa wasomi, ndivyo walivyo.

Usiku nimeota gereji imejaa maji na matairi yote yanaelea yanakwenda zake, mimi nayaita hayageuki. Nijibu haraka, hata matusi tu.

Wubshet wako

*

Addis Ababa, 14 Miyazya

Bibi mpenzi,

Natumai u mzima. Demissew amerudi bila barua. Anasema alikuta mlango umefungwa, hata jogoo hakutoka kumfukuza. Nimemwambia, Kwaresima hii, yuko kanisani, atakuwa wapi tena? Akaenda kupakua unga.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Mjukuu wako

*

Debre Birhan, 2 Ginbot

Getahun mwanangu,

Salamu zikufikie. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala. Mama Zinet anaishika karatasi isitembee.

Nilianguka kabla ya Pasaka. Sikusikia kuanguka, niliona sakafu inakuja polepole kama mtu anayekufahamu. Wanasema mshipa wa kichwani umeziba. Nimelala hospitali siku nyingi, madirisha makubwa, mawingu yakiingia na kutoka. Sasa niko nyumbani. Mdomo mmoja unacheka, mwingine hautaki.

Kibinti wa kliniki alilia. Akaniuliza, nani kakwambia uache dawa? Nikamwambia daktari mkubwa wa Addis Ababa. Mjukuu wangu alimuuliza kwa niaba yangu. Yule mjukuu mwenye mdomo. Jina lake linaelea hapa karibu, nitalikamata. Kibinti anataka jina la daktari amwandikie kwa ukali. Nimemkataza. Mwambie daktari wa watu sina kinyongo naye. Alikuwa na wazee wengi, wenye mambo mengi. Mkubwa naye hukosea.

Dama nimemkumbuka, yule punda.

Mama yako

*

Addis Ababa, 6 Ginbot

Bibi yangu Asnakech,

Salamu zako zimenifika. Nakuja na lori linalofuata, nitakaa huko, fundi nimeshamuaga. Naandika kwanza kwa sababu nikikaa mbele yako mdomo utaanza kazi yake. Mama Zinet akusomee taratibu, na asiruke kitu.

Mimi ni Wubshet, mtoto wa binti yako Almaz. Getahun alikuwa mjomba wangu.

Leo nimekwenda hemani. Yule daktari hanijui, Bibi. Hajawahi kunijua. Yale ya wazee niliyasikia siku ya kwanza nimesimama nje ya turubai, mpaka wakaniambia, "Kijana, na mikono yako ya grisi, pisha watu wapite." Hajawahi kucheka habari ya kahawa yako. Leo nimenawa mpaka kiwiko nikapanga foleni na wazee. Nimemsomea swali lako kama ulivyoliandika. Hakuvua miwani, hakufikiri. Alisema, "Angeimeza saa tisa, akishafungua. Kuacha asingeacha." Halafu akaita anayefuata.

Yule kibinti wa kliniki asimwandikie mtu barua, na wewe usimsamehe daktari. Habari ya tairi na pampu ilikuwa yangu. Niliogopa watanifukuza tena, nawe utajua kwamba mimi si mtu hapa. Kutoka gereji mpaka hemani ni kuvuka barabara tu. Uliponiomba nikuulizie, sikuvuka.

Mjukuu wako,
Wubshet