Kiti cha Kocha

Jumatano, 4 Juni
Wewe uliyeziokota kurasa hizi, nakuomba sana, zifiche, lisitoke hata neno. Bega la Dada linauma. Wapinzani wakijua watamchezesha hukohuko mpaka lichoke. Na klabu iliyomwajiri imeshasema: asipofika fainali ya mashindano haya, mkataba basi. Miaka yote hii mpira wa meza ndiyo kazi yake! Mimi karani tu, nimeomba ruhusa nije nimbebee mkoba.

Alhamisi, 5 Juni
Kashinda mara mbili! Mama mmoja jukwaani kauliza yule ni nani. Nikasema dada yangu — kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Ijumaa, 6 Juni
Kocha kaamka na homa, hata kusimama hawezi. Kiti chake kando ya meza hakikaliwi ovyo, ni lazima mtu aandikishwe. Dada kaniandikisha mimi. Mimi, ninayetokwa jasho nikipiga simu!

"Basi hutapiga simu," akasema. "Utakaa."

Robo fainali. Kocha huruhusiwa kuomba dakika moja ya mapumziko, mara moja tu katika mechi. Seti ya mwisho, Dada yuko nyuma, saba kwa tisa. Nikaona kila baada ya pigo anauning'iniza mkono. Nikaomba. Mwamuzi akamtazama Dada, maana mchezaji akikataa, yamekwisha. Dada alinikodolea macho! Kisha akaja.

Nikasahau yote niliyopanga. Nikamwambia tu apige mafupi, kama zamani kwenye meza ya kulia ya Mama.

"Ile meza ndiyo ilikuwa fupi, mjinga wewe."

Akarudi anacheka. Pointi nne mfululizo. Nilipiga kelele mpaka mwamuzi akanionya. Nimeonywa! Sijawahi kujivunia onyo.

Jumamosi, 7 Juni
Nusu fainali. Seti mbili kwa mbili, imebaki moja. Bega limegoma. Dada kaomba daktari mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima, kichwa juu. Wako nyuma ya pazia. Daktari akisema hapana, ndiyo mwisho.

Simu — msimamizi wa ofisi, ananitaka sasa hivi. Jasho halikunitoka kumwandikia: nazima simu. Mkinihitaji, pigeni mapokezi ya ukumbi. Karani msimuulizie, hapa hawamjui. Ulizieni kocha wa meza namba moja. Pazia linafunguka —