Pua Yangu na Kisima cha Mama Wamaitha

Jumatatu, 6 Machi 1972

Mama Wamaitha, mwenye ploti tunayopanga hapa Lanet, amekuja stesheni ya petroli asubuhi na ndoo. Akaitua mbele ya pampu yangu, katikati ya magari. Kisima chake kinanuka petroli, anasema, na petroli inatoka kwa matangi yetu yaliyozikwa. Bwana Harjit, tajiri wangu, akasema maji ni maji. Mama akamwambia basi ayanywe. Hakuyanywa — alikuwa ametoka kunywa chai.

Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, ameitwa akaja. Maabara iko Nairobi, mbali, kwa hiyo tutapima kwa pua, kila asubuhi, wiki nzima. Petroli ikipatikana, Bwana Harjit atavuta bomba la maji mpaka kwa ploti. Isipopatikana, Mama anyamaze. Anuse nani? Mama akasema Mathenge, ni mpangaji wangu. Bwana Harjit akasema Mathenge, ni mtu wangu. Wakakubaliana papo hapo. Sijawahi kupendwa hivi.

Jumanne, 7 Machi

Nimevuta ndoo, nikanusa. Maji. Ngigi, fundi wetu, akanusa naye, grisi mpaka kwa masharubu. Maji. Akawasha kiberiti akakitupa ndani. Kikazima. "Si umeona? Petroli ingeshika," akasema. Bwana Harjit amefurahi, amenipa soda.

Mke wangu Nasimiyu bado anateka maji kule stesheni ya treni, na mimba yake ya miezi minane. Nikamwambia ya hapa ni safi, nimepima mwenyewe. Amejitwika debe, akaenda.

Alhamisi, 9 Machi

Maji tena. Mama Wamaitha ameanza kunisalimia kwa mkato.

Nimekunywa kikombe kizima mbele ya Nasimiyu, aone. Tumbo limenisokota mchana kutwa. Nimemwambia ni maharagwe.

Jumamosi, 11 Machi

Sijui hii niiandike vipi.

Jioni Nasimiyu amenifunga macho kwa leso, akawa ananisogezea vitu puani. Kitunguu — nikasema kitunguu. Sabuni — sabuni. Halafu kimya. Nikamwambia alete basi kingine. Akasema ameshaleta. Nikafungua macho. Kitambaa changu cha kupangusia pampu, kimelowa petroli chepechepe, kiko chini ya pua yangu. Alianza kucheka, akaacha.

Miaka yote hii ya pampu! Pua imekwenda zake na sikuiona ikitoka. Ya Ngigi vilevile, bila shaka. Nimeogopa sana. Wiki nzima nimekuwa nikimhimiza mke wangu ayanywe yale maji, na mtoto yuko ndani.

Jumatatu, 13 Machi

Bwana Afya amerudi saa tano. Bwana Harjit amenishika bega: "Huyu anajua petroli kuliko daktari anavyojua dawa. Sema, Mathenge."

Ndoo mbele yangu. Mama Wamaitha pembeni, mikono kiunoni. Nimeinama, nimevuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu. Nikasema yananuka petroli.

Ni uongo wangu wa kwanza wiki hii.

Bwana Harjit hakukasirika. Amefikiri kidogo, akaniuliza polepole: "Gani? Super ama regular?" Mtu wa pampu, anasema, hawezi kukosa kujua. Bwana Afya amelipenda sana hilo swali. Kila aina ina tangi lake; nitakalotaja ndilo litakalofukuliwa, na likikutwa zima, maneno yameisha. Nimesema pua inataka kupumzika kidogo. Wamekwenda kula kwa Bwana Harjit, watarudi saa nane.

Nimekaa nyuma ya stoo ya matairi, ndoo kati ya miguu, naandika. Nimenusa tena. Hakuna. Ningeweza kubahatisha, lakini nikikosa, Nasimiyu atabeba debe mpaka siku ya kujifungua, na baadaye debe na mtoto. Au atachoka, ayanywe haya.

Nimetuma aitwe. Amekuja, ameinama mpaka pale tumbo lilipomruhusu, akanusa. Nikamwuliza ni super ama regular. Amenusa mara ya pili, maana anataka kunisaidia.

"Hizo mimi sijui," akasema. "Ni vile wewe hunuka ukirudi kwa nyumba." Na mimi kutwa huuza zote mbili.

Gari la Bwana Harjit linaingia.