Chaki za Mwalimu Felomena

Dotto, huwezi kuamini. Mama amekiri leo, mbele ya wakwe zangu, kwamba alikuwa anakula chaki!

Nachingwea, mwaka 1979. Mama, enzi hizo Mwalimu Felomena, ana mimba ya miezi saba, kiungulia kinamchoma kifua, naye anatafuna chaki za shule kimyakimya.

Chaki, Dotto!

Asubuhi moja Mwalimu Mkuu akafungua boksi, akakuta zimebaki mbili. Akapanga darasa la tano zima mstarini, fimbo mkononi. "Mwizi ajitokeze!"

Felomena akajitokeza. "Nimezila mimi, mwalimu. Kiungulia."

Mwalimu Mkuu akashusha fimbo, akamsogelea. "Zinasaidia?"

"Kidogo."

Akatia moja mdomoni, ya pili akampa Felomena. Kumbe naye kiungulia!

Siku hiyo ubao haukuandikwa kitu.