Kumi na wawili wakawa kumi na tisa

Ndugu yangu, sikia haya. Leo nimejaribiwa ile kazi ya kuongoza watalii, unajua nilivyoililia.

Nimetoka ofisini na wageni kumi na wawili. Kwenye ngazi za makumbusho nikawaghania beti zangu, zile ulizosema hazina mizani.

Kurudi, mama bosi akahesabu. Kumi na tisa.

Kumi na tisa, kaka. Saba wamemkimbia kiongozi wao wakanifuata mimi. Naye huyo anakuja mbio na kibendera chake: "Mwizi wa wageni wewe, na hizo beti zako!"

Nikajua kazi imeota mbawa.

Mama bosi akanikazia macho. "Waliopoteza wageni nimewaona wengi. Aliyerudi na ziada, wewe wa kwanza. Kesho saa mbili, na hizo beti uje nazo."

Eti hazina mizani.